Joho Lilivuka Bahari, Kazi Ikabaki

Wako wasomi wanaoamini kwamba uwakili hauna heshima usipofuata mfano wa nyumba nne za London: Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn. Kila yanaponenwa mageuzi ya mafunzo ya sheria katika Afrika ya Mashariki, wao husimama na kuyataja mapokeo. Yamkini hawajayasoma mapokeo hayo wanayoyatetea.

Nyumba hizo zilianza katika karne ya 14. Wakati huo vyuo vya Oxford na Cambridge vilifundisha sheria ya Kirumi na sheria ya Kanisa, kwa Kilatini. Sheria ya nchi yenyewe, yaani mila za Waingereza juu ya ardhi, urithi na madeni kama zilivyoamuliwa na majaji wa mfalme, haikuwa na mwalimu chuoni. Basi mawakili wakapanga majumba karibu na mahakama, wakala na kulala pamoja. Vijana wakasikiliza kesi mchana, na jioni wakabishana kesi za mazoezi mbele ya wakubwa wao. Hiyo ndiyo sifa yao: waliiacha elimu ya kigeni iliyotukuzwa na vyuo, wakajifunza mila za nchi yao palepale zilipokuwa zikiamuliwa. Kweli, nao walikuwa na lugha ya kuwatenga watu, Kifaransa cha mahakamani. Bunge lilijaribu kuondoa shida hiyo mwaka 1362, wala haikuondoka mpaka sheria iliyoanza kutumika mwaka 1733 ilipoamuru Kiingereza. Na hata siku hizo walikuwako wanasheria waliopinga.

Sifa hiyo haikudumu. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoanza mwaka 1642 iliyavunja mafunzo, na kwa muda wa karibu miaka 200 kijana alihesabiwa kuwa amesoma kwa kuwa amekula. Alifika mezani mara zilizotakiwa, akalipa ada, akaitwa wakili. Mtihani haukuwa wa lazima mpaka mwaka 1872. Karamu hizo ndizo walizozikuta Waafrika waliovuka bahari, mathalan Charles Njonjo wa Gray's Inn, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1963.

Waingereza wenyewe walikiri upungufu huo kabla ya wanaowaiga. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning ilieleza mwaka 1961 kwamba mafunzo ya London hayamfai mwanafunzi wa Kiafrika, ambaye akirudi kwao atafanya kazi zote za wakili, ilhali kule zimegawanywa kwa watu wawili. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu kikafunguliwa Dar es Salaam, na somo lake la kwanza likawa sheria. Safari ya London ikakoma kuwa lazima. Meza ya London haikuondolewa, ila ilihamishwa. Chuo cha mafunzo ya uwakili kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 kiliwekwa mji uleule, na kila mwenye shahada akatakiwa kupita mlango huo mmoja. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba katika wanafunzi 633 waliofanya mitihani yake, 26 tu ndio waliofaulu masomo yote. Serikali iliunda kamati, na watu wakashindana kutafuta mvivu ni nani, mwanafunzi au mwalimu wake wa chuo kikuu. Swali la mafunzo hayo kuwa ya kazi gani lilisikika kwa nadra.

Mtu wa Rusimbi, pale Kigoma, angeweza kuliuliza. Agombanapo na ndugu yake juu ya shamba la michikichi la marehemu baba yao, kesi yake ina mila za Kiha, pengine na sheria ya Kiislamu, kwa maana Ujiji ni mji wa misikiti ya siku nyingi. Katika Mahakama ya Mwanzo husikilizwa kwa Kiswahili, akaelewa kila neno. Akikata rufaa, kwa miaka mingi shauri lake lilipanda hadi Tabora na kumrudia kwa Kiingereza, naye akazunguka mtaa akitafuta mwalimu wa shule wa kumsomea kama ameshinda au ameshindwa. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Lakini hukumu za zamani, ambazo wakili hana budi kuzitegemea, zimeandikwa kwa Kiingereza, na vijana hufunzwa kwazo.

Wanaopenda mfano wa London na waufuate basi, ule wa karne ya 14. Wakili mwanafunzi na apelekwe Kigoma, akae mwaka mzima karibu na mahakama, aandike kwa Kiswahili yanayosemwa na hakimu na yanayosemwa na wazee wa Kiha juu ya mipaka na mahari, na jioni abishane na wenziwe kesi aliyoisikia mchana. Gharama yake ni nauli ya gari la moshi, na reli imefika Kigoma tangu mwaka 1914.