USIUZE TANGI NA SAMAKI SIKU MOJA

Wafanyabiashara wenzangu, leo nasema na wanaouza samaki wa mapambo. Sisi wa Pemba samaki anatugharimu: mfuko, oksijeni, nauli ya boti, na wale wanaofia njiani. Halafu mteja anatoka dukani Chake na tangi jipya la lita 50 na samaki sita kwa mpigo. Siku ya tatu simu inalia: "Maji yamekuwa meupe kama tui!"

Hapo jirani atamwambia amwage yote na aoshe tangi kwa sabuni. Mwingine atamwambia atie shabu au dawa ya kutibu maji ya kunywa. Samaki wanakufa, na lawama unabeba wewe.

Weupe ule ni bakteria wanaozaliana kwa wingi kwa sababu tangi bado changa. Wenyewe huisha, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Kinachoua ni amonia, inayotokana na mavi ya samaki na chakula kilichobaki. Hiyo haionekani kwa macho, na inaunguza matamvua. Bakteria wanaoila hukaa kwenye sponji ya filta na kwenye kokoto, na huchukua wiki 4 hadi 6 kukamilika. Ukiosha kila kitu kwa sabuni unawamaliza, kazi inaanza upya.

Ndiyo maana nasema: uza tangi leo, samaki baadaye. Najua utaniambia mteja atakwenda kwa mwengine. Basi mpe samaki wawili tu, pamoja na kipande cha sponji iliyotumika kutoka tangi lako la dukani, mradi samaki wake ni wazima. Bakteria atakuwa nao tayari. Wale wanne atawafuata mwezi ujao, na chakula atanunua kwako. Hesabu mwenyewe: mauzo matatu na mteja anayerudi, au mauzo moja na ugomvi?

Akipiga simu, mwambie hivi:

1. Maji meupe: punguza chakula, kiwe cha kumalizika ndani ya dakika mbili. Badilisha ndoo moja ya lita 10, usimwage yote.
2. Maji ya kijani: ni mwani. Ondoa tangi dirishani, punguza mwanga.
3. Maji ya vumbi tangu siku ya kwanza: kokoto au mchanga haukuoshwa vizuri.
4. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kutiwa.
5. Sponji isuuzwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi, bila sabuni.
6. Samaki wakihemea juu juu, usisubiri. Badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo na washa pampu ya hewa.

Na umwambie mapema, kabla hajalipa, kwamba maji yanaweza kuwa meupe. Akijua mapema hatashtuka. Akija kujua baadaye, atasema umemuuzia samaki wagonjwa.

Wewe unayeuza Wete, Mkoani au kwengineko, unamwambia nini mteja wako siku ya kwanza?