STAA, HIYO 4K YA MKONONI UMEIONA WAPI?

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina lake libaki kapuni kwa leo, kaachia klipu akiwa siti ya nyuma ya gari, kashika Nintendo Switch 2 mpya kabisa, hata nailoni ya kioo hajabandua. Klipu haifiki dakika moja. Lakini humo humo kaongea mambo matatu kwa kujiamini kama fundi: kwamba kioo chake ni OLED, kwamba unacheza 4K mkononi, na kwamba vijiti vyake ni vya sumaku kwa hiyo haviharibiki milele. Akamalizia kwa kuwacheka wenye PSP: "Hizo waachieni washamba."

Mashabiki wakamwaga moto na makopa. Mwanachuo mmoja akaandika kwamba boom likiingia tu, anaagiza. Staa akamjibu: "Usibaki nyuma mdogo wangu."

Hapo ndipo utani unapoishia. Mashine hiyo ilipotoka Juni 2025, bei yake Marekani ilikuwa dola 449.99. Hiyo ni zaidi ya milioni moja ya Kitanzania, bado usafiri, bado ushuru. Kwa mwanachuo hiyo ni hela ya kula na ya kodi ya geto. Kama anashawishiwa aitoe, basi angalau aambiwe ukweli.

Twende moja moja.

Kioo kwanza. Switch 2 ina kioo cha LCD cha inchi 7.9. Yenye OLED ni Switch ya zamani, toleo la 2021, ya inchi 7. Kwenye OLED kila nukta inajitolea mwanga wake, ndiyo maana nyeusi inakuwa nyeusi kweli. LCD inamulikwa kutokea nyuma. Kioo cha Switch 2 si kibaya hata kidogo, kinafika picha 120 kwa sekunde. Ila OLED siyo, na jina la OLED halibandikwi tu popote kwa kuwa linapendeza mdomoni.

Pili, hiyo 4K. Ukiwa umeishika mkononi, mwisho wake ni 1080p. 4K unaipata ukiichomeka kwenye kituo chake na kuiunganisha na TV ya 4K. Sasa staa alikuwa ndani ya gari. Hiyo TV aliificha kwenye buti?

Tatu, sumaku. Zipo kweli, lakini kazi yake ni kushikilia zile pedi mbili za pembeni zinaso kwenye mashine. Vijiti ni habari nyingine. Kuna vijiti vinavyoitwa vya Hall, ambavyo vinapima mwendo kwa sumaku bila vipande kusuguana, kwa hiyo haviliki haraka. Nintendo wenyewe wamesema vijiti vya Switch 2 si vya aina hiyo. Na hili si jambo dogo. Switch ya 2017 ilisumbua watu kwelikweli: kijiti hujakigusa, mtu kwenye gemu anatembea mwenyewe. Mpaka mwaka 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi kwa usumbufu huo. Hivi vipya huenda vikadumu zaidi. Lakini "milele" kaitoa wapi?

Tatu kwa tatu, zote chali. Na bado ambayo hakuyasema ndiyo mazito zaidi.

Hakusema kuhusu chaji. Kampuni yenyewe inatoa makadirio ya saa 2 mpaka 6 na nusu, kutegemea gemu. Ukicheza gemu zito, unaweza kutoka Mbagala na chaji imejaa, foleni ikikolea unafika Posta unatafuta soketi.

Hakusema kuhusu memori kadi. Switch 2 ina GB 256 ndani, na ukitaka kuongeza nafasi ya gemu lazima uwe na microSD Express. Ile kadi ya kawaida uliyoitoa kwenye simu haitabeba gemu humo, utaishia kuhamisha picha na video zako za Switch ya zamani.

Hakusema pia kwamba baadhi ya gemu zinauzwa kwenye kadi ambayo gemu lenyewe halimo. Kadi ni ufunguo tu. Unanunua, unaichomeka, halafu unaanza kupakua gemu zima kwa intaneti. Staa ana Wi-Fi nyumbani. Mwanachuo ana bando la wiki. Hiyo ndiyo tofauti ambayo klipu ya dakika moja haiionyeshi.

Tena historia ya mashine za mkononi inamsuta mtu yeyote anayejisifia kioo na nguvu peke yake. Mwaka 1989 Game Boy ilitoka ikiwa na kioo kisicho na rangi wala mwanga. Mwaka uliofuata Sega wakaleta Game Gear, rangi tupu, kioo kinawaka, kila kitu kizuri. Shida moja: ilikula betri 6 kwa saa 3 mpaka 5 hivi, wakati Game Boy ilitumia betri 4 na kuvuka saa 10. Game Boy, ukijumlisha na ndugu yake Game Boy Color, iliuza zaidi ya milioni 118. Game Gear haikufika hata robo yake. Watu walichagua mashine inayobaki imewaka.

Na hao wenye PSP wanaoitwa washamba? PSP ni ya mwaka 2004, ndiyo, ni mzee. Lakini betri yake unafungua kifuniko kwa kidole, unatoa iliyochoka, unaweka nyingine, maisha yanaendelea. Kuna vijana wanacheza PSP walizorithi kwa kaka zao. Ushamba uko wapi hapo? Mshamba ni anayesoma kitu kwenye boksi akashindwa kukisoma sawasawa, halafu akawatangazia watu elfu kwa elfu.

Switch 2 ni mashine nzuri. Inacheza gemu nyingi za Switch ya zamani, pedi zake zinaweza kutumika hata kama mausi, na mwenye hela zake akiinunua anakula raha zake halali. Hakuna wivu hapo. Tatizo ni mtu kuuza jina lake kwa kitu ambacho hajakijua, kisha kumsukuma mwenye kipato kidogo kwa kumtia aibu.

Kwa hiyo staa, kama umeinunua, sema umeinunua. Kama umepewa uitangaze, sema umepewa. Rudi na klipu nyingine: anza na chaji asilimia 100, cheza gemu zito, watu waone inazima saa ngapi. Halafu mtafute yule mwanachuo umwambie 4K ilikuwa ya kwenye TV, kabla boom halijaingia.

Mdau, ungekuwa wewe na hiyo milioni, ungeagiza au ungebaki na PSP yako?