JICHO LA SHAHIDI NA KALAMU YA KARANI



Msimu wa karafuu ukifika fedha huingia nyumbani, na penye fedha mwizi hakosi. Tuseme hapa Wambaa mlango umevunjwa usiku wa manane. Mwenye nyumba apigwa, fedha zake zachukuliwa, na taa ya pekee ni koroboi iliyozimwa na upepo wa mlangoni. Asubuhi watu wakusanyika, jina la kijana mmoja latajwa barazani, na jioni yule aliyeibiwa asema mbele ya sheha, "Ndiye huyu."

Je, amesema uongo? Hatudhani hivyo. Huenda asema kwa moyo safi, lakini pengine amekosea. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kumshika mtu bega gatini Mkoani, mchana kweupe, akampa salamu za nyumbani akidhani ni ndugu yake wa baba mdogo. Kumbe ni mgeni wa Unguja asiyemjua kamwe. Kosa lile liliishia kwa kicheko. Mahakamani kosa kama hilo huishia gerezani, na upande wa Bara unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30.

Wala wingi wa mashahidi si dawa. Mjini London mwaka 1896 wanawake wengi walimnyoshea kidole Adolf Beck kuwa ndiye aliyewadanganya akachukua mali zao. Akafungwa. Mwaka 1904 akatambuliwa tena na wanawake wengine, akahukumiwa tena, hata mkosaji mwenyewe alipokamatwa ndipo yalipojulikana makosa. Habari hiyo ilisaidia kuanzishwa mahakama ya rufani ya jinai Uingereza mwaka 1907.

Mahakama zetu nazo zimeonya. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo husikiliza na rufani za jinai kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar, ilisema kuwa ushahidi wa kutambua kwa macho ni dhaifu sana, wala haufai kutegemewa mpaka kila njia ya kukosea imezibwa. Yapasa kuuliza: shahidi alimtazama mtu yule kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Na je, alimjua kabla ya siku ile?

Ikiwa hakumjua, yafaa lifanywe gwaride la utambuzi. Tangu mwaka 1936, katika shauri la Mwango, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kuwa mshukiwa awekwe kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali, na shahidi asiwe ameonyeshwa mtu yule kwanza. Kumleta kijana mmoja amefungwa kamba, kisha kuuliza "Ndiye?", si utambuzi, bali ni kumtia shahidi neno kinywani.

Wako watakaosema, "Tukiyafuata haya yote wanyang'anyi watatoroka." Twajibu kwamba akifungwa asiyehusika, mnyang'anyi mwenyewe amekwisha toroka, wala hakuna tena amtafutaye. Tena jicho si ushahidi wa pekee: mali iliyoibwa ikikutwa kwa mtu, naye hana maelezo, hilo laweza kulitia nguvu neno la shahidi.

Basi, ndugu makarani, jambo hili latuhusu, kwa maana mara nyingi maneno ya kwanza ya shahidi huandikwa na mkono wa mmoja wetu. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, lililomo katika vitabu vya hukumu vya mwaka 2002, mahakama ilisema kwamba shahidi kumtaja mtu mapema iwezekanavyo ni dalili kubwa ya kuaminika kwake, na kuchelewa bila sababu kwapasa kuchunguzwa. Kwa hiyo tuandike upesi, kabla ya mazungumzo ya barazani. Tutie tarehe na saa. Tuulize taa, umbali, sura na nguo. Akisema "sikumwona vizuri," tuandike vivyo hivyo, wala tusimtengenezee maneno.

Mnyonge hana wakili kijijini. Karatasi ile ya kwanza, ikiandikwa kwa uaminifu, yaweza kuwa kinga yake, na kinga ya aliyeibiwa pia.

Mhariri