Mafundi wa kompyuta wapime kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu baadhi ya mafundi wa kompyuta.

Kompyuta yangu kuukuu ya mezani, ninayoitumia nyumbani kuandikia alama za wanafunzi, ilianza kusahau tarehe kila ilipozimwa. Ikiwashwa inadai ni mwaka 2009. Intaneti nayo ikagoma, kwani vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe ya mashine. Fundi mmoja mjini akasema imekufa, ninunue nyingine.

Kumbe iliyokwisha ni betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inayoendesha saa ya kompyuta wakati umeme haupo. Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua kasha, nikaweka betri mpya na kurekebisha tarehe. Alama zote nikazikuta salama.

Je, ni wananchi wangapi wametupa mashine nzima kwa sababu ya betri yenye ukubwa wa sarafu? Nawaomba mafundi wapime kwanza, ndipo wahukumu. Nasi wenye mashine tusione haya kuuliza: hasa kilichoharibika ni kipi?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.