MSAADA SI MAPATO
*Ujumbe wa Katibu kwa wanachama wote, Tawi la Horohoro*



Tangu Marekani ilipofunga shirika lake la USAID Julai 2025, swali linalorudi barazani ni moja: sasa nani atatusaidia? Natoa maoni yangu. Anayepinga anijibu, tutajadiliana kindugu.

Tuanze na barabara tunayoipita kila siku. Wakubwa wanakumbuka vumbi na matope ya kwenda Tanga mjini. Lami ile ya kilomita 65, Tanga hadi Horohoro, ilijengwa kwa fedha za MCC, shirika la serikali ya Marekani, chini ya mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa Februari 2008, enzi za Rais Kikwete na Rais Bush. Haukuwa mkopo. Tunashukuru, na kushukuru si unyonge.

Mkataba uliisha Septemba 2013. Tukangojea wa pili, dola milioni 472. Machi 2016 bodi ya MCC ikausimamisha, ikitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Wapo waliosema tumeonewa, wapo waliosema wana haki. Mimi nabaki kwenye hesabu: fedha ilikuwa yao, uamuzi ukawa wao.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki. Mwalimu akawaambia waondoe na uliobaki. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaonya kwamba kutegemea fedha za nje ni kuhatarisha uhuru. Lakini tuseme kweli: baada ya Azimio misaada iliongezeka. Hata Wajerumani walirudi, na wazee wa mkoa huu wanaikumbuka TIRDEP, mpango wao wa maendeleo vijijini ulioanza miaka ya 1970. Nao ulifika mwisho.

Katika uhasibu, ruzuku ya mara moja huihesabu kama mapato ya kila mwaka. Ukifanya hivyo, mwaka wa pili unafilisika. Na kila mali huchakaa. Mfadhili hukata utepe akaondoka. Mitaro, madaraja na viraka vinabaki kwetu. Matengenezo ya barabara hulipwa na Mfuko wa Barabara, na mfuko huo hulishwa na tozo ya kila lita ya mafuta inayouzwa kihalali.

Hapa ndipo penye ugumu, na lazima tuseme. Sisi ni watu wa mpakani. Njia za panya tunazijua, na wanaozitumia baadhi yao wana kadi za Chama. Simsemi mama anayevuka na kikapu cha mboga. Namsema anayepitisha shehena usiku, kisha asubuhi analalamika kuwa barabara ina mashimo na zahanati haina dawa. Dawa hizo zingenunuliwa na kodi aliyoikwepa.

Nasi viongozi hatuponi. Taarifa ya mapato na matumizi isiposomwa, mwananchi atalipa kwa moyo gani? Anayefichwa hesabu naye hujifunza kuficha mzigo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu:

1. Mabalozi wa mashina walizungumze suala la magendo waziwazi kwenye vikao vyao. Kadi ya Chama isiwe kinga ya mtu.

2. Ukinunua, dai risiti. Ukiuza, toa risiti.

3. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila robo mwaka. Hudhuria, ukae mpaka taarifa ya fedha isomwe, na usipoelewa uliza. Atakayehitaji kusaidiwa kuisoma aje ofisini kwangu na karatasi yake, tutaipitia mstari kwa mstari.

Msaada ukija tena tutaupokea kwa mikono miwili, maana zipo kazi zinazozidi uwezo wetu. Lakini uje utukute tunazibua mitaro yetu wenyewe, na vitabu vyetu viko wazi.

Kidumu Chama Cha Mapinduzi!

*Katibu wa Tawi*
Horohoro, Mkinga