Wakristo wa Eritrea na Ukimya Wetu



Najua wako watakaosoma haya na kuguna: huyu naye kanunuliwa na nani? Sikununuliwa. Mimi ni Mzanzibari, Mwislamu, naishi Uingereza miaka mingi sasa, na ninachosema ni hiki: sisi tuliolalamika masheikh wetu walipowekwa ndani bila ya kuhukumiwa, hatuna haki ya kunyamaza Wakristo wa Eritrea wanapofanyiwa hayo hayo.

Mwezi wa Mei 2002 serikali ya Rais Isaias Afwerki iliamuru vikundi vya dini visajiliwe. Walioachiwa ni Waorthodox, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni. Makanisa ya kilokole yakafungwa, na kukusanyika sebuleni kusoma Biblia kukawa ni kosa la kukupeleka jela. Nasema jela, lakini wengine hata jela hawakufika. Walitiwa ndani ya makontena ya chuma, haya haya tunayopakilia magari na mafriji kupeleka nyumbani, ambayo mchana yanaunguza na usiku yana baridi ya kugandisha.

Mwimbaji Helen Berhane alikamatwa mwaka 2004 baada ya kutoa kanda ya nyimbo za dini. Akaletewa karatasi atie saini kwamba ataacha mambo hayo, akakataa. Alifungwa zaidi ya miaka miwili, muda mwingi ndani ya kontena katika kambi ya Mai Serwa, na alipotolewa mwaka 2006 hata kutembea hawezi. Denmark ndiyo iliyompa hifadhi. Mwanamke mmoja na nyimbo zake! Serikali yenye jeshi na vifaru inaogopa nini hapo?

Hata wenye kibali hawakusalimika. Abune Antonios, Patriaki wa Kanisa la Orthodox, aliipinga serikali kuingilia mambo ya kanisa na kufunga waumini. Akavuliwa cheo, akawekwa kizuizini, na akafa katika hali hiyo Februari 2022. Wapo na Mashahidi wa Yehova watatu waliokamatwa Septemba 1994 kwa kukataa kuingia jeshini. Wameachiwa Desemba 2020. Miaka 26, na hakuna hakimu aliyewasikiliza hata siku moja.

Sasa itakuja hoja, naijua: na Waislamu je, mbona hawasemewi na mtu? Hoja hiyo ina ukweli wake, siikatai. Lakini tazameni Eritrea hiyo hiyo. Hajji Musa Mohammed Nur, mzee wa zaidi ya miaka 90, alikamatwa Oktoba 2017 kwa kukataa serikali kuiingilia shule ya Kiislamu ya Al Diaa pale Asmara. Akafia kizuizini Machi 2018. Aliyemfunga mzee huyu ndiye aliyewafunga walokole. Tukimlilia mmoja tukawapa mgongo wengine, tunamsaidia mwenye funguo.

Na sisi tunaijua ladha yake. Masheikh wa Uamsho walikaa mahabusu Bara miaka na miaka, kesi inaahirishwa tu, mpaka Juni 2021 mashtaka yakaondolewa. Siku zile tulikuwa tunamtaka kila mwenye sauti duniani aseme, na hatukumuuliza anasali wapi.

Kuna na deni la zamani. Masahaba walipoteswa Makka walikimbilia Habasha kwa Najashi, mfalme Mkristo. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao, akawakatalia. Massawa, katika Eritrea ya leo, pana mahali mpaka sasa panaitwa Msikiti wa Masahaba. Hadithi hii tunaihadithia misikitini kila mwaka, halafu wajukuu wa Habasha wanafungiwa makontenani na sisi tunasema hayo ni mambo ya makafiri.

Wengi wenu mna majirani Waeritrea, iwe hapa, iwe Ghuba au Marekani. Msiwalazimishe kusema hadharani. Mama yake yuko Asmara, na akihitaji karatasi ubalozini anadaiwa kwanza ile asilimia 2 ya kipato chake. Sisi hatuna mama Asmara. Sisi ndio tunaoweza kuandika kwa majina yetu.

Kwa walioko Uingereza, mwandikieni mbunge wa jimbo lenu, ukurasa mmoja unatosha. Watajeni wachungaji Haile Naizghi na Kiflu Gebremeskel, waliokamatwa Mei 2004 na ambao Mei 2024 walitimiza miaka 20 ndani bila ya kufunguliwa kesi. Muulizeni serikali yake iliwauliza Asmara juu ya watu hawa mara ya mwisho lini, na ilijibiwa nini. Na chini ya barua, wewe Juma au Fatma, usilifupishe jina lako.