TAHARIRI: MAJI TAKA YETU YASIWE MZIGO WA JIRANI



Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga. Kwa miji iliyozoea ukame, hiyo ilikuwa neema kubwa, nasi hatuna budi kuishukuru. Hata hivyo, kila ndoo ya maji safi inayoingia nyumbani hutoka ikiwa chafu. Mji unaoongeza maji safi unaongeza pia maji taka. Swali tunaloliweka mbele yenu ni hili: maji hayo yanakwenda wapi, na ni nani anayewajibika kuyasafisha?

Katika miji yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita, kaya nyingi hutegemea vyoo vya shimo na makaro. Sehemu kubwa ya nchi yetu ina udongo mweusi wa mbuga, ambao ukishalowa haunywi maji tena. Masika yanapofika, mashimo hufurika na mengine hubomoka. Mwenye fedha hukodi gari la kunyonya maji taka. Asiye nazo hungoja mvua kubwa, akatapisha choo chake usiku, na uchafu ukapita mlangoni kwa jirani wa bondeni. Hata gari lile, kama halina bwawa la kusafishia maji taka la kwenda kumwaga, linahamisha uchafu tu. Kwenye machimbo, maji ya mialo na marudio yenye zebaki hufuata mikondo ile ile. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kipindupindu kilizuka katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwa mojawapo. Ugonjwa huo hauji kwa bahati mbaya. Huja pale kinyesi cha mmoja kinapofika katika kikombe cha mwingine.

Mara nyingi lawama yote humwangukia mwenye nyumba. Bwana afya hupita, huandika faini, huondoka. Sisi hatutetei anayetapisha choo. Anawatendea wenzake dhuluma. Lakini haki haikamiliki kwa kumwadhibu mnyonge peke yake, huku aliyekabidhiwa kodi na mamlaka akikaa kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 imeziweka huduma za maji taka, pamoja na zile za maji safi, mikononi mwa mamlaka za maji. Kazi hizo mbili hazipaswi kutenganishwa.

Jirani zetu wa Kenya walikwisha kulipima jambo hili. Wenye viwanja wa mji mdogo wa Kiserian, katika Kajiado, walishtakiwa kwa kumwaga maji taka katika chanzo cha maji ya umma. Shauri lao, linalojulikana kwa jina la Waweru, liliamuliwa na Mahakama Kuu mwezi Machi 2006. Mahakama iliyafuta mashtaka kwa kuwa yalikuwa ya ubaguzi: wengine waliofanya vivyo hivyo hawakuguswa. Lakini majaji hawakuishia hapo. Walisema kwamba haki ya kuishi inabeba ndani yake haki ya mazingira safi, na wakaukumbusha upande wa serikali pia wajibu wake katika suala la mitambo ya kusafisha maji taka.

Hapa kwetu mfano ni wa zamani zaidi, ingawa ulihusu taka ngumu. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa lililowajazia moshi, harufu na nzi. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliamuru jaa hilo lisitumike tena. Halmashauri ikarudi kuomba muda wa kuendelea, na Jaji Lugakingira akastaajabu kuona chombo cha umma kikiomba mahakamani ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Basi taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, napo palikuwa na makazi ya watu. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 wakaenda mahakamani nao wakashinda. Mahakama Kuu iliona kwamba haki yao ya kuishi, iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba, ilikuwa imevunjwa. Baada ya hapo taka zikaelekea Vingunguti.

Tulitafakari kwa makini somo hili. Wananchi walishinda mara mbili, na mara zote mbili uchafu ulihamia kwa wengine. Hukumu ilizuia ubaya mahali pamoja, lakini haikutosha kujenga kilichokosekana. Kwa hiyo, tunapodai haki, tusiseme tu, "Uondoeni hapa." Tudai mabwawa ya kusafishia, magari yenye bei ambayo maskini anaimudu, na bajeti inayosomwa hadharani. La sivyo, amani ya mtaa mmoja itakuwa kilio cha mtaa mwingine.

Wala tusidhani kwamba ni nchi maskini tu zinazoburutwa mahakamani. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilitunga agizo la kuzitaka nchi wanachama zikusanye na kusafisha maji taka ya miji. Baadhi zilizembea. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitoza Italia euro milioni 25 na Hispania euro milioni 12, pamoja na tozo za kila miezi sita mpaka zitimize wajibu. Zaidi ya robo karne ilikuwa imepita. Anayeianza safari hii na awe na subira.

Tufanye nini basi? Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iandike kumbukumbu: tarehe, mahali uchafu unapomwagwa, watu waliougua, na barua zilizopelekwa kwa mtendaji, halmashauri na mamlaka ya maji. Pili, tuhudhurie mikutano ya mtaa na kumuuliza diwani fungu la usafi limetumikaje. Tatu, pale milango yote inapofungwa, tutafute mwanasheria mapema. Anayetaka kuishtaki Serikali au halmashauri lazima atoe taarifa ya siku 90. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayedai haki za msingi za Katiba aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Ndiyo maana kumbukumbu zina thamani. Katika Mahakama ya Afrika Mashariki, muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tu. Kuchelewa kunaweza kuua haki iliyo wazi.

Nne, tuanzie nyumbani. Shule, zahanati na nyumba za parokia zina vyoo na makaro. Sauti yetu itakuwa na uzito iwapo maji yetu wenyewe hayamdhuru mtu. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba maji safi na salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Haki hiyo hailindwi kwenye bomba peke yake. Inalindwa pia pale maji yanapotoka nyumbani kwetu na kuelekea kwa yule anayeishi bondeni, ambaye huenda hatujawahi kumwona, lakini ambaye ni ndugu yetu.